Anajua, lakini kikaoni hasemi

SWALI: “Nasimamia kitengo cha watu 11 katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga. Kila Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi tunakaa kikao cha kupanga mizigo ya wiki. Wanaoongea ni watatu, mimi nikiwemo. Kuna binti anayeandaa nyaraka, kazi yake safi sana, lakini kikaoni hafungui mdomo. Mwezi uliopita tulilipa storeji (tozo ya mzigo kukaa bandarini kupita muda) ya siku kadhaa kwa sababu kibali cha mzigo mmoja kilikuwa hakijatoka. Baadaye nikagundua kwamba yeye alijua tangu Jumatatu, ila alimwambia mwenzake tu kwenye korido. Kikao kilichofuata nikamwita kwa jina mbele ya wote: ‘Leo tunataka kukusikia wewe.’ Akainama, akasema hana la kuongeza, na tangu hapo hata salamu zake zimepungua. Nimpeleke kozi ya kujiamini? Nimlazimishe? Au nikubali kwamba wengine wameumbwa hivyo? Na tathmini ya mwaka inakaribia, sijui niandike nini.”

JIBU: Ndugu msomaji, umeleta mambo mawili katika swali moja. La kwanza ni la fedha: habari ilikuwepo ofisini, haikufika mezani, mkalipa. La pili ni la mtu: unahofia umemvunja moyo mfanyakazi wako mzuri, na kwa jinsi unavyoeleza hizo salamu, naona hofu yako ina msingi. Nitaanza na hili la pili, kwa sababu hakuna utaratibu wa kikao utakaofanya kazi ikiwa yeye bado anaingia mle ndani akisubiri kuitwa tena.

Zungumza naye wiki hii, nje ya kikao, dakika tano tu. Usimwite ofisini ukafunga mlango. Wewe ni mkubwa wake, yeye ni binti, na mji wetu haukosi wa kusema. Mezani kwake panatosha, au kibarazani wakati wa chai ya saa nne. Mwambie kitu kama hiki: “Jumatatu ile nilikuita ghafla mbele ya watu, sikufanya vizuri. Sikulazimishi uongee sana. Ninachotaka ni kwamba unachokijua kuhusu vibali kinifikie kabla hatujaamua. Ungependa kinifikie kwa njia gani?” Kisha nyamaza. Hapo ndipo wasimamizi wengi huharibu: binti akisita kidogo tu, wao wanaanza mawaidha, na mazungumzo yanageuka kikao kingine ambacho anayesema ni bosi. Akikujibu “sijui”, mwambie akalifikirie akujibu kesho, hata kwa ujumbe wa simu.

Sasa tuje kwenye hilo la kutojiamini. Angalia ushahidi wako mwenyewe. Aliona kibali hakijatoka, akatambua kwamba jambo lile ni la hatari, akalisema kwa mwenzake. Mtu asiyejiamini angekishuku alichokiona na kulimeza jambo zima. Huyu alipiga hesabu, akaona korido ni salama na kikao si salama. Nahisi pia alikuwa anatafuta mshenga. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba jambo zito halipelekwi na mwenyewe uso kwa uso. Hutafutwa mtu mwenye ulimi na nafasi, akalifikishe. Bahati mbaya yule wa kwenye korido hakuambiwa kwamba ametumwa, basi ujumbe ukaishia kwake.

Ndiyo maana kozi ya kujiamini siipi uzito. Haitamdhuru, huenda hata ikamfaa siku akikaa na wateja. Lakini atarudi na cheti chake, akae kiti kilekile, mkubwa yuleyule afungue kikao kwa maelezo ya robo saa, nanyi mtarudi palepale. Kulazimisha umeshakujaribu na matokeo umeyaona. Na kwamba wengine wameumbwa hivyo, hiyo ni nusu ya kweli: wapo wanaofikiri kwanza ndipo waseme, na wapo ambao wazo lao linaiva huku wakilisema. Hilo halibadiliki kwa amri ya ofisi. Nusu ya pili ni kwamba mkimya wa kikaoni ukimfuata mtaani kwao Makorora au Ngamiani, si ajabu ukamkuta yeye ndiye mwenyekiti wa kikoba, anahoji marejesho ya watu waliomzidi umri. Ukimya mwingi ni wa mahali, na mahali panaweza kupangwa upya.

Tuangalie basi ni kitu gani katika kikao chenu kinachozima sauti.

Cha kwanza ni ukubwa. Saa mbili kasoro binti yule anaingia ofisini, anampa shikamoo afisa wenu mkongwe (hukumtaja, nimemdhani, kila ofisi ina wake) kwa moyo safi. Saa mbili na nusu unamtaka amwambie mtu huyohuyo, mbele ya watu tisa wengine, kwamba mzigo anaosema uko tayari hauko tayari. Kwa malezi yetu kumkata mkubwa kauli ni ufidhuli, na anayefanya hivyo anamtia aibu hata mama yake. Usipigane na adabu hii, utashindwa, na sidhani kama ni vizuri ushinde. Itumie. Adabu hiyohiyo inasema mkubwa akikupa zamu, ujibu. Tatizo ni kwamba kikao chenu hakina zamu. Mwenye pumzi ndiye mwenye nafasi.

Cha pili ni kusubiri kwenyewe. Mwaka 1987 wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walichunguza kwa nini watu wanaotafuta mawazo kwa pamoja hutoa mawazo machache kuliko idadi hiyohiyo ya watu wakifikiri kila mmoja peke yake. Katika jaribio mojawapo waliwaweka watu vyumba mbalimbali, na taa zikawa zinaonyesha nani anasema. Waliotakiwa kusubiri mwenzao amalize ndipo waseme walitoa mawazo machache kuliko walioachiwa waseme wakati wowote, ingawa wote walikuwa peke yao chumbani na hakuna aliyekuwa anawakodolea macho. Kwa hiyo hata ukiondoa aibu yote na woga wote, kule kushikilia wazo kichwani huku ukimsikiliza mtu mwingine kunaweza kulifuta. Anayesema kwanza hapati hasara hiyo. Anayesubiri mpaka mwisho anaipata yote, na saa tatu na dakika tano anapopewa nafasi, kweli hana la kuongeza. Hakukudanganya.

Cha tatu ndicho kilichowalipisha storeji. Mwaka 1985 huko Marekani, Garold Stasser na William Titus walivipa vikundi vya wanafunzi kazi ya kuchagua mgombea bora. Habari nyingine walipewa wote, nyingine alipewa mmojammoja. Habari hizo zingewekwa mezani zote, mgombea bora angeonekana wazi. Lakini vikundi vilijadili zaidi yale ambayo kila mtu alikuwa anayajua tayari, na mara nyingi vikamchagua asiyefaa. Tazama kikao chenu kwa jicho hilo: meli inafika lini, wote mnajua. Mteja ni msumbufu, wote mnajua, na mnalizungumza kwa raha. Kibali kimekwama, anajua mmoja tu. Jambo linalojulikana na mmoja halina wa kuliunga mkono, na yeye mwenyewe anajiuliza, “Mbona wakubwa hawalitaji? Huenda nimekosea mimi.” Ule msemo kwamba kimya ni kukubali uuache kwenye posa, katika ofisi ya forodha una gharama kubwa.

Na kuna swali lile la mwisho wa kikao: “Kuna mwenye la kuongeza?” Siku moja jipime kwa saa. Mwalimu na mtafiti Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, aliona kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia. Walipojifunza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliodhaniwa wazito wakaanza kujibu. Bosi naye anauliza huku anakusanya karatasi, kalamu imekwisha ingia mfukoni. Kila mtu anaisoma ile kalamu.

Nikuambie ningefanya nini kwenye kitengo chako.

Kwanza kabisa, kibali kisitegemee sauti ya mtu. Hili naliweka mbele ya mashauri yote ya kikao. Tangu gati za bandari yetu ziongezewe kina na meli kubwa zianze kufunga gatini badala ya kupakulia kwenye matishari (mashua bapa za kubebea mizigo), muda wa kugundua kosa umefupika, na storeji haisubiri Jumatatu. Tundikeni ubao ukutani: kila mzigo mstari wake, na safu za nyaraka, vibali, malipo ya ushuru, usafiri. Anayehusika anaweka alama nyekundu penye mkwamo saa yoyote, bila hotuba. Na iwe kanuni kwamba mzigo wenye alama nyekundu hautajwi kuwa tayari, aseme nani. Binti hatakuwa anampinga mzee. Ubao ndio utakaokuwa unapinga.

Kisha kikao chenyewe. Gawa ajenda Ijumaa mchana, ukurasa mmoja, mizigo ya wiki ijayo. Jumatatu mkikaa, kabla ya neno lolote, dakika tano kila mtu aandike: mzigo upi unaweza kukwama, na kwa sababu gani. Kimya kabisa, simu kifudifudi. Halafu mzunguke mezani, kila mmoja asome jambo moja tu, wewe au mtu mwingine aandike ubaoni, bila kujadili na bila kucheka. Mkimaliza raundi, mnaanza ya pili mpaka karatasi ziishe. Majadiliano baadaye. Utaratibu huu si wangu. Andre Delbecq na Andrew Van de Ven waliuandika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na umetumika sana katika afya na mipango. Mimi naongeza masharti mawili ya kwetu: anaanza mdogo kwa cheo, na wewe unakuwa wa mwisho. Ukishasema wewe, kikao kimekwisha hata kama watu bado wamekaa.

Kusoma kilichoandikwa ni kwepesi kuliko kusema. Macho yana pa kukaa. Na karatasi ilishaandikwa kabla mzee hajasema, kwa hiyo anayeisoma haonekani amemjibu mtu.

Ruhusu mtu kusema “napita”, bila kumdai sababu. Bila ruhusa hiyo mzunguko unageuka mtihani, na utakuwa umefanya kwa watu 11 yaleyale uliyomfanyia mmoja. Wiki za mwanzo utapata karatasi nyingi zimeandikwa “hakuna”. Vumilia.

Kumwita mtu kwa jina si dhambi, inategemea unamwitia nini. “Wewe una maoni gani?” ni swali lisilo na ukuta, mtu hajui aanzie wapi wala ataishia wapi. “Kibali cha ule mzigo wa vipuri kimefikia hatua gani?” lina jibu, na yeye ndiye mwenye jibu kuliko yeyote pale ndani. Tena umdokeze mapema: “Jumatatu nitakuuliza habari ya vipuri.” Baada ya miezi michache ya kuulizwa anachokijua, wengi huanza kusema hata ambayo hawakuulizwa. Si wote.

Wengi huniuliza kuhusu kundi la WhatsApp. Linasaidia, hasa Jumapili jioni mtu anapokumbuka jambo. Lakini nalo lina wababe wake: kuna atakayetuma sauti ya dakika nne, kuna watakaobandika dole gumba dakika ileile bosi anapoandika, na ndani ya saa moja hoja imefunikwa na pole za msiba na picha za harusi. Likiwepo, bosi asijibu kitu kabla ya muda mliokubaliana. Na karatasi zisizo na jina? Kwa jambo linalokuhusu wewe mwenyewe, sawa. Kwa mizigo hapana. Watu 11 wanajuana mwandiko, na utahitaji kumwuliza aliyeandika alikuwa na maana gani.

Kuhusu huyo mkongwe wenu, usimwaibishe kwa kumpimia dakika mbele ya vijana. Mfuate pembeni kwa heshima zake: “Mzee, nina ombi. Ukitangulia wewe kusema, vijana wanaogopa. Nikuombe uwaache wamalize, halafu wewe utupe uzoefu wako tukiwa tumeshaona yote.” Umempa kiti cha juu zaidi, na kweli uzoefu wake utafaa zaidi pale. Nimeona wazee wengi wakiipenda nafasi hiyo kuliko ile waliyokuwa nayo.

Zitazame kwa makini zaidi zile sekunde kumi baada ya mtu mkimya kusema kwa mara ya kwanza. Katika sekunde hizo ndipo anapoamua kama atarudia. Mtu akidakia “hilo tulishalimaliza”, mrudishe: “Subiri, tulimalize lake.” Mwingine akilirudia wazo lake dakika kumi baadaye kwa sauti kubwa na watu wakalipokea, sema waziwazi nani alilileta mwanzo. Na likiwa wazo lenyewe halifai, mwambie kwa nini halifai. Usimsifie kama mtoto aliyesoma herufi. Watu wakimya husikia vizuri sana sifa za kubembeleza.

Kama unaona haya ni mambo ya wazungu wa maofisini, kumbuka Ifakara, kule mkoani Morogoro. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya ukaguzi kabla ya upasuaji, hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane zilizoshiriki, pamoja na za London, Toronto na Manila. Orodha ina vipengele 19, na kimojawapo kinataka kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi kila aliye chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake, muuguzi kama daktari bingwa. Matokeo ya hospitali zote nane kwa pamoja yalichapishwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Siwezi kusema ni kutaja majina kulikoleta hayo. Orodha ina dawa, vifaa na mengi mengine. Ila waliobuni kipengele kile walijua kwamba aliyekwisha kusikia sauti yake mwenyewe chumbani atapata urahisi wa kusema “daktari, subiri.”

Sasa, upo ukimya ambao utaratibu wa kikao hauutibu. Kama binti huyu alikuwa mwongeaji na amebadilika ghafla, uliza kwa upole kuna nini. Huenda kuna mtu ofisini anayemdhihaki au kumsumbua, na hilo si suala la ubao wala karatasi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ubaguzi, na wewe msimamizi una wajibu wa kulichukulia hatua. Ofisi ikishindwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ipo. Kama anatetemeka, anatoka jasho, au Jumatatu zake za kuumwa zinazidi siku nyingine, hofu hiyo inaweza kuwa ya kitabibu na ina matibabu, mengi yakiwa ya mazungumzo tu. Usimpe jina la ugonjwa wewe; mweleze kwamba hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ina wataalamu wa afya ya akili, na kwamba ruhusa ya kwenda ataipata bila kuandika barua ya kurasa mbili. Kagua pia mambo madogo yanayosahaulika: kigugumizi, usikivu wa sikio moja, kiti kilicho karibu na feni inayolalama. Na lugha. Kama mnaanza kwa Kiswahili halafu mkubwa mmoja akihamia Kiingereza kila akitaka kusisitiza, utakuwa umewafunga midomo watu wanaoijua kazi kuliko yeye.

Ukifanya haya, kikao kitarefuka kama robo saa mwanzoni, na yeye bado anaweza asiwe mwongeaji. Sioni ubaya. Usihesabu maneno yake. Tazama kama habari ya kibali imefika kabla ya uamuzi. Ikifika kwa alama nyekundu ya ubaoni, imefika.

Limebaki la tathmini. Usiandike “hana ujasiri” wala “ajitahidi kuchangia vikaoni”. Maneno hayo hukaa kwenye faili miaka, na msimamizi ajaye atamjua binti kwa hayo kabla hajamwona. Andika ulichokiona: nyaraka zake hazirudishwi, na aligundua mkwamo wa kibali mapema kuliko yeyote kitengoni. Sehemu ya mapendekezo andika kwamba kitengo kinaanzisha ubao wa vibali na yeye ndiye msimamizi wake. Mwonyeshe rasimu kabla ya kuisaini, na mwachie kalamu arekebishe kama ana la kurekebisha.